Mkata Majani wa Abasia

Kila Alhamisi, umande ukishakauka,
nasukuma mashine ndani ya kanisa lisilo na paa,
toka mlango wa magharibi hadi ilipokuwa altare:
hatua mia na arobaini, kisha nageuka.
Nguzo nazijua kwa kisu cha mashine.
Ya tatu kushoto imebaki kisigino tu,
imejilaza chini ya klova, inavizia chuma;
imeshanivunjia visu viwili.

Wageni huniuliza choo kiko wapi.
Wachache huuliza watawa walikwenda wapi.
Choo, nasema, kipo nyuma ya kibanda cha tiketi.
Watawa waliondoka asubuhi ya mvua,
vitabu juu ya mkokoteni, abate nyuma kwa miguu,
maana mfalme alikuwa ameitamani risasi ya paa lao.
Wakaiyeyusha papa hapa,
kuni zikiwa viti vya kwaya.

Kanisa lilikufa kwa kukosa kazi.
Lango likapona kwa kuwa lilifaa:
ghala la sufu kwanza, kisha mahabusu ya walevi, kisha nyumba.
Mzee Cuthbert Thackray, fundi wa saa,
alizaliwa pale juu, chumba cha juu ya tao,
gari la maziwa likipita chini ya kitanda cha mama yake.
"Nimezaliwa juu ya barabara," husema, "kama njiwa."

Na mawe? Hayakwenda mbali.
Tembea kijijini kwetu ukiwa na macho.
Kizingiti cha bucha kina herufi za Kilatini,
na katika banda la nguruwe la Ormerod
umo uso wa malaika, kidevu juu, utosi chini;
nguruwe wamejikuna kwake
hata pua imekwisha.
Hatukuiba, atakwambia Ormerod,
yalikuwa yamelala tu.
Simbishii. Meko yangu mwenyewe
yameegemea jiwe ambalo sikulinunua.

Kiangazi cha mwaka juzi
mvua ilitunyima uso wiki tisa.
Majani yakageuka rangi ya ganda la mkate,
na asubuhi moja nikaiona mistari:
penye ukuta chini ya udongo
nyasi zilikuwa zimetangulia kufa.
Hapa jiko. Pale bweni. Kule bwawa la samaki
na mfereji wake, umepinda kama kiwiko.
Na chumba kimoja, hakimo kwenye ramani yoyote,
kimejitenga na vingine,
upana wake kitanda kimoja na mtu kugeuka.

Nilizima mashine.
Nikavua kofia, sijui kwa nini,
mimi si mtu wa sala.
Ningeweza kuuvuka ule mstari popote,
nani angenizuia?
Nikazunguka, nikatafuta mlango,
nikaingia kwa mlango.
Nikakaa chini mpaka chai yangu ikapoa.

Mvua ilikuja usiku wa Jumapili, haikupiga hodi.
Juma halikwisha, kijani kikawa kimemeza kila kitu.
Sikupima, sikupiga picha.
Najua ni hatua kumi na moja toka kisimani,
au kumi na tatu,
inategemea viatu.

Saa kumi na moja jioni nafunga lango.
Ufunguo una urefu wa kiganja na unanuka mafuta.
Ukuta wa kulia ulianguka, wa kushoto ulianguka,
kondoo wa Ormerod huingia na kutoka wapendavyo.
Hata hivyo nimewaona watu, siku nikichelewa,
wamesimama mbele ya mbao zilizofungwa,
uwanja uko wazi huku na huku,
nao wanangoja.

Juzi mmoja aligonga.
Mwanamke, koti la mvua, mtoto mgongoni.
Mimi nilikuwa ndani tayari,
nimepita pembeni kama kondoo.
Nikaacha reki,
nikapapasa mfukoni ule ufunguo,
na kabla sijafika
nikajisikia naitikia: Karibu, nakuja.